Dawa ya Deni ni Kulipa

Bismillahir Rahmanir Rahim

Ndugu msomaji, hakuna siku ipitayo bila binadamu kumdhuru mwenzake. Mbuzi wa huyu huingia shambani mwa yule na kumaliza mahindi machanga. Dereva hupitiwa na usingizi akamgonga mpita njia. Fundi hujenga ukuta kwa saruji haba, nao ukaja kuwaangukia watoto. Mwingine hutamka neno moja barazani, na neno hilo likavunja ndoa ya miaka ishirini. Baadhi ya madhara haya hufanywa kwa kusudi, baadhi kwa uzembe, na baadhi ni ajali tupu. Lakini yote yanafanana katika jambo moja: aliyedhuriwa amepungukiwa na kitu alichokuwa nacho jana. Basi swali linaloulizwa na sheria zote za ulimwengu ni hili: pengo hilo litazibwa na nani, na kwa kiasi gani?

Wako watu wanaodhani kwamba swali hili ni la mawakili na mahakimu peke yao, wala halihusiani na dini. Husema kwamba dini ni sala na saumu, na kwamba mwenye kukosa atubu kwa Mola wake, Naye ni Mwingi wa kusamehe. Dhana hiyo ni ya hatari sana. Katika Islam iko haki ya Mwenyezi Mungu na iko haki ya waja Wake. Mtu akikosea katika haki ya Mwenyezi Mungu, hujuta na kuomba msamaha Kwake. Ama akikosea katika haki ya mwenzake, maulamaa wamefundisha kwamba toba yake haitimii mpaka airudishe haki ile kwa mwenyewe, au mwenyewe aisamehe kwa ridhaa yake. Machozi ya usiku juu ya msala hayarudishi ng'ombe aliyeibwa. Kwa hiyo yampasa kila mwenye kusali ajue aina za madhara na namna yanavyolipwa, kwani hajui ni lini atakuwa mdai au mdaiwa.

HASARA YA MALI

Tuanze na lililo jepesi. Imesimuliwa katika Hadithi kwamba siku moja Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wake zake, na mke mwingine akampelekea chakula katika sahani. Mwenye nyumba, kwa wivu, akaupiga mkono wa mtumishi aliyeileta, sahani ikaanguka na kuvunjika. Mtume (s.a.w.) akaviokota vipande kwa mikono yake, akakikusanya chakula, akawaambia waliokuwapo kwa upole kwamba mama yao ameshikwa na wivu. Kisha akamzuia mtumishi asiondoke mpaka ikaletwa sahani nzima ya nyumba ile. Ile nzima akaipeleka kwa yule aliyevunjiwa, na ile mbovu ikabaki katika nyumba ilimovunjikia.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi mambo makubwa yalivyokaa ndani ya kisa kidogo. Mtume (s.a.w.) hakumwaibisha aliyevunja, hata udhuru akamtafutia. Lakini udhuru ule haukufuta deni. Wivu ulieleza sababu ya kosa, na sahani ilitakiwa ilipwe vilevile. Pia malipo yalikuwa sahani kwa sahani, bila kupunguza haki ya mwenyewe wala kuzidisha mzigo wa mvunjaji. Wanavyuoni wa fikihi wakajenga juu ya msingi huo: kitu kilicho na mfano wake sokoni, kama mchele au mafuta, hulipwa kwa mfano wake, na kitu kisicho na mfano kamili, kama mnyama wa mtu au nguo iliyodariziwa kwa mkono, hulipwa kwa thamani yake.

Lakini je, thamani ipimwe vipi? Katika Sura ya Manabii (21:79–80) Kurani Tukufu inataja hukumu waliyoitoa Nabii Daudi na Nabii Suleimani (a.s.) juu ya shamba lililoingiliwa usiku na kondoo za watu, na inasema kwamba Suleimani alifahamishwa jambo lile, ingawa wote wawili walipewa hekima na elimu. Wafasiri wengi wa zamani wameeleza kwamba Daudi (a.s.) alihukumu mwenye shamba apewe kondoo wale, maana thamani yao ililingana na hasara yake. Suleimani (a.s.) akaona njia nyingine: mwenye shamba awashike kondoo kwa muda, anufaike kwa maziwa yao, sufi yao na wana wao, na mwenye kondoo alilime shamba lile mpaka mimea irudi kama ilivyokuwa. Kisha kila mmoja arudishiwe mali yake.

Hukumu zote mbili ni za haki. Tofauti yake ni kwamba ya kwanza ilimlipa aliyedhuriwa na kumwacha mwenziwe bila mifugo, ilhali ya pili ilimlipa aliyedhuriwa na kuwaacha wote wawili na riziki zao. Pia ilimfanya mwenye kondoo aishike jembe na kuonja kwa mwili wake jasho ambalo mifugo yake ililiharibu kwa usiku mmoja. Kadhi mwenye hekima haulizi tu, "Hasara ni kiasi gani?" Huuliza pia, "Baada ya malipo haya, watu hawa watakaaje pamoja?"

Mtume (s.a.w.) naye aliletewa shauri la namna hiyo, pale ngamia wa Baraa bin Azibu (r.a.) alipoingia katika bustani ya watu na kuiharibu. Akaamua kwamba mchana ni juu ya wenye bustani kuzilinda bustani zao, na usiku ni juu ya wenye mifugo kuilinda mifugo yao. Basi kilichoharibiwa usiku hulipwa na mwenye mnyama. Mzigo uliwekwa juu ya yule aliyekuwa na wajibu wa kuwa macho kwa wakati ule. Tunapokumbuka jinsi magomvi ya wakulima na wafugaji yalivyotoa roho za watu wilayani Kilosa, Tanzania, mwaka 2000, twaona kwamba kanuni hiyo si habari ya kale. Mahali ambapo hasara ya shamba hailipwi mapema kwa mizani inayojulikana na wote, hulipwa baadaye kwa damu.

MADHARA YA MWILI NA ROHO

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Mahindi yaweza kupandwa tena, lakini jicho halioti. Hapo sheria ya Islam imeweka vipimo vilivyo wazi. Dia ya mtu aliyeuawa ni ngamia 100, na katika zama za Seyyidna Umar (r.a.) ilikadiriwa kuwa dinari 1,000 kwa watu wa dhahabu, na dirhamu 12,000 kwa watu wa fedha. Macho mawili yana dia kamili, na jicho moja nusu yake. Mkono mmoja ni ngamia 50, na mguu mmoja ni hivyo hivyo. Kila kidole ni ngamia 10, na kila jino ni ngamia 5. Jeraha la kichwa linalofunua mfupa ni ngamia 5, na lile linalofika kwenye utando wa ubongo ni theluthi ya dia. Jeraha lisilo na kipimo maalumu hukadiriwa na kadhi kwa ushauri wa watu waadilifu wenye ujuzi.

Katika darasa za fikihi wanafunzi hawakosi kuuliza: "Je, mtu ana bei? Yawezekanaje dini ya Mwenyezi Mungu kukihesabu kidole kwa ngamia?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni kwamba kidole hakikutiwa bei. Kilichotiwa kipimo ni deni la aliyekikata. Kipimo kisipowekwa, mwenye nguvu atalipa kidogo na mnyonge atatozwa kila alicho nacho. Katika sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizoandikwa karibu miaka 1750 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), aliyelitoboa jicho la mtu wa daraja la juu alitobolewa lake, bali aliyelitoboa jicho la mtu wa daraja la chini alilipa fedha tu. Warabu wa Siku za Ujahili nao walidai roho za watu kadhaa kwa ajili ya mkubwa wao mmoja. Mtume (s.a.w.) akafundisha kwamba kidole gumba na kidole cha mwisho ni sawasawa katika malipo. Kidole cha gavana na kidole cha mchunga kondoo vikawa na deni moja.

Hali kadhalika tukumbuke kwamba dia hukabidhiwa jamaa wa aliyekufa. Katika sheria ya Uingereza, hata katikati ya karne ya kumi na tisa, mjane hakuweza kumdai mtu aliyemwua mumewe kwa uzembe, kwani haki ya kudai ilihesabiwa kuwa imekufa pamoja na marehemu. Ikawa nafuu zaidi kumwua mtu kuliko kumvunja mguu! Ajali za reli zilipozidi, Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria mwaka 1846 ya kuwapa jamaa haki ya kudai. Kurani Tukufu (4:93) ilikuwa imekwisha waweka jamaa wa marehemu mbele zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kabla ya hapo.

Hata hivyo, haki yapasa kusifiwa popote ilipo. Mahakama za nchi zetu za Afrika Mashariki, ambazo zimerithi mengi katika sheria hiyo ya Uingereza, hutofautisha fidia maalumu na fidia ya jumla. Fidia maalumu ni ile inayohesabika kwa stakabadhi: gharama za hospitali, nauli, na mshahara uliopotea. Fidia ya jumla ni ile ambayo jaji huikadiria kwa busara yake: maumivu, ulemavu, na raha ya maisha iliyoondoka. Ya kwanza yataka karatasi, ya pili yataka utu. Mtu aliyepoteza mguu hakupoteza mshahara tu. Amepoteza pia kucheza mpira na wanawe.

NANI HULIPA?

Mwenye kudhuru kwa kusudi hubeba mzigo wake mwenyewe. Aliyejitia uganga bila kujulikana kuwa ana elimu ya tiba naye ni mdaiwa wa madhara aliyoyaleta, kama alivyofundisha Mtume (s.a.w.), hata kama nia yake ilikuwa kuponya. Ama aliyeua kwa bahati mbaya, sheria imemhurumia: dia yake hubebwa na jamaa zake wa kiumeni, nao hulipa kwa mafungu katika muda wa miaka mitatu. Kwa njia hiyo familia ya marehemu haikosi haki yake kwa sababu tu aliyeua ni fukara, na ajali ya dakika moja haimfilisi mtu maisha yake yote.

Serikali za leo nazo zimeanzisha mipango ya kushirikiana mizigo. Tanzania ilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2008, na Mfuko wake ukaanza kazi mwaka 2015, ukikusanya michango ya waajiri ili mfanyakazi aliyeumia kazini alipwe bila kushindana na mwajiri wake mahakamani. Kenya nayo, katika sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama wa porini. Maana ikiwa tembo ni mali ya taifa zima, si haki mkulima mmoja alipe peke yake gharama ya kuwapo kwake.

Lakini hapa liko jambo ambalo twaomba kila msomaji alitie moyoni. Katika aya ile ile (4:93) iliyoamuru dia kwa aliyeua kwa bahati mbaya, Mwenyezi Mungu ameamuru pia kafara: kumpa mtumwa uhuru, na asiyeweza, afunge miezi miwili mfululizo. Dia yaweza kubebwa na jamaa; kafara haibebwi na mtu mwingine. Shirika la bima litamlipia dereva fedha, lakini halitamfungia saumu siku moja. Ni nani leo katika madereva wetu, akiisha kuua mtu barabarani na bima ikalipa, hukaa akakumbuka kwamba yeye mwenyewe bado ana deni la miezi miwili mbele ya Mola wake?

Wala dola haitoki katika hesabu hii. Mwaka wa 8 Hijria Khalidi bin Walidi (r.a.) alipelekwa kwa kabila la Banu Jadhima, na wakauawa watu ambao hawakustahili kuuawa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliinua mikono yake akajitakasa mbele ya Mwenyezi Mungu na kitendo kile. Kisha akampeleka Seyyidna Ali (r.a.) na mali. Ali akalipa kila damu na kila kitu kilichoharibiwa, na wapokezi wamesimulia kwamba alilipa hata chombo cha kunyweshea mbwa. Mali ikabaki, akawaachia hiyo pia, kwa tahadhari, huenda ikawa liko pengo wasilolijua. Huyo ndiye mlipaji aogopaye Mungu: hatafuti jinsi ya kupunguza hesabu, huogopa isije ikawa amepunja.

MADHARA YASIYO NA KIPIMO

Wahenga wetu wamesema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole tumekwisha kuona, kina ngamia 10. Je, neno la uwongo lililomwondolea mwalimu heshima yake, au msichana posa yake, lina ngamia wangapi? Mahakama hutoza fedha kwa kashfa, na Kurani Tukufu imeweka adhabu kali juu ya anayewasingizia uchafu wanawake wataratibu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Hapa mlipaji hana budi kulipa kwa kitu kilicho kizito kuliko fedha, nacho ni kukiri.

Mfano wake tuliuona mwezi Juni 2013, pale Serikali ya Uingereza ilipokubali kulipa paundi milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950. Fedha hazikwenda peke yake. Waziri alisimama bungeni London akakiri kwamba watu wale waliteswa na akaeleza masikitiko ya serikali yake, na ukumbusho wao ukajengwa Nairobi. Kwa nini maneno na jiwe viongezwe juu ya fedha? Kwa sababu mtu aliyeteswa kisha akaambiwa kwamba hakuteswa amedhuriwa mara mbili, na dhara la pili halilipwi kwa paundi. Ilichukua miaka sitini, na wengi walikuwa wamekwisha fariki. Kuchelewesha malipo ni dhara jingine.

Mbele ya mfano huo tuweke mwingine ulio bora. Siku ya Badri Mtume (s.a.w.) alikuwa akinyosha safu kwa mshale usio na ncha, akamgusa nao tumboni Sawadi bin Ghaziya (r.a.). Sawadi akasema ameumizwa na anataka haki yake. Bwana yule, ambaye jeshi zima lilikuwa tayari kufa kwa ajili yake, alilifunua tumbo lake palepale ili alipe. Sawadi akalikumbatia na kulibusu. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu hakujiona mkubwa kuliko deni la mguso wa mshale, sisi ni nani?

MSAMAHA NI MALI YA MWENYEWE

Kurani Tukufu (42:41) yafundisha kwamba malipo ya ubaya ni ubaya ulio sawa nao, na kwamba mwenye kusamehe akasuluhisha, ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Na katika aya ya dia, kusamehe kwa jamaa kumeitwa sadaka. Neno hilo lina uzito mkubwa. Sadaka hutolewa na mwenye mali, kwa hiari yake, baada ya kujua kwamba mali ni yake. Hakuna mtu atoaye sadaka kutoka mfukoni mwa jirani.

Lakini twaona nini katika miji yetu? Mtoto hugongwa akafa. Kabla tanga halijaanuliwa, wazee waja kwa mama yake na kumwambia, "Ni kudra ya Mungu, samehe, yaishe." Hawakumwambia haki yake ni nini. Hawakuja na aliyegonga ili akiri kosa lake. Hawakuja na chochote mkononi. Mama yule, kwa haya na kwa huzuni, hunyamaza, nao huondoka wakisema amesamehe. Ndugu zangu, kifo ni kudra, lakini uzembe wa dereva ni kitendo cha dereva. Kumnyima mtu haki yake kwa jina la Mwenyezi Mungu ni kumdhuru mara ya pili, na kumsingizia Mola dhuluma ambayo Yeye ameiharimisha. Wazee wema huanza kwa kumwambia mwenye haki haki yake yote, humleta mdaiwa na malipo yake na ulimi wake, kisha ndipo wanapotaja fadhila ya msamaha. Akisamehe hapo, amesamehe kweli. Akichukua haki yake, hana lawama.

Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba mfilisi wa umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, ilhali amemtukana huyu, amemsingizia yule, amekula mali ya mwingine na kumwaga damu ya mwingine. Mema yake yatagawiwa kwa wadai wake mmoja mmoja. Na yakiisha kabla ya madeni, atatwikwa dhambi zao. Mahakama hiyo haina wakili, wala shauri haliwi bovu kwa kupitwa na wakati, wala mdai hachoki njiani kwa kukosa nauli.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kulala leo ihesabu nafsi yako. Yuko mtu ambaye mali yake iko kwako? Irudishe. Amekufa? Wapelekee warithi wake. Hujui alipo wala walipo warithi wake? Toa sadaka kwa niaba yake, na uwe tayari kumlipa akitokea. Yuko uliyemvunjia heshima mbele ya watu? Nenda ukamsafishe mbele ya watu walewale. Na ikiwa wewe ndiwe uliyedhuriwa, jua kwamba kudai haki yako si upungufu wa imani, na kusamehe ukiweza ni daraja kubwa. Chagua lile litakaloleta masikilizano na kuzuia ubaya usirudiwe.

Mwenyezi Mungu atujalie tuwe wenye kulipa kabla ya kudaiwa, na wenye kusamehe kabla ya kubembelezwa. Wala asitukutanishe Naye tukiwa na madeni ya waja Wake shingoni. Amin.